Maswali ya Wasomaji: Ardhi ya Afrika na Falme Zilizotajirika kwa Biashara

Katika toleo lililopita tulichapisha ramani ya Afrika iliyoonyesha milima, mito, maziwa na majangwa, na juu yake tukaandika majina ya falme za kale zilizosifika kwa biashara: Kush, Axum, Ghana, Mali, Songhai, Kilwa na Zimbabwe Kuu. Barua zilizotufikia kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi ni nyingi, na tunawashukuru wote walioandika. Tumechagua tano, kwa kuwa zote zinauliza, kila moja kwa njia yake, ardhi yenyewe ilichangia nini katika utajiri wa watu hao.

Kwa nini miji mikuu haikujengwa penye dhahabu?

“Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya upili hapa Nakuru. Nilipoitazama ramani yenu niliona jambo lililonitatiza. Ghana ilijulikana kwa dhahabu, lakini mji wake mkuu ulikuwa mbali na machimbo. Kilwa iliuza dhahabu ambayo haikuchimbwa Kilwa. Timbuktu iko ukingoni mwa jangwa, mahali ambapo mkulima hawezi kupachagua. Je, ipo sababu ya kimaumbile, au ni bahati tu?” Mwalimu, Nakuru.

Mwalimu, umeona sawasawa, na sababu ipo. Falme nyingi za biashara katika bara letu hazikukaa palipokuwa na mali, bali zilikaa mahali ambapo nchi ya aina moja huishia na ya aina nyingine huanzia, kwa kuwa hapo ndipo mzigo ulipolazimika kushushwa kwa mchukuzi mmoja na kupakiwa kwa mwingine. Mzigo unaposhushwa huhesabiwa, huwekwa ghalani, hulindwa na hutozwa ushuru, na anayepatawala mahali hapo hupata mapato bila kuchimba hata chembe moja ya dhahabu. Aliyewahi kuona foleni ya malori pale Busia, na jinsi mji ulivyokua kwa kuyahudumia, hana haja ya kuelezwa jambo hili mara mbili.

Tuanze na umbo la bara lenyewe. Afrika ina eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 30, na sehemu yake kubwa, hasa upande wa mashariki na kusini, ni uwanda wa juu ambao kingo zake huteremka ghafla karibu na bahari. Ukanda wa pwani ni mwembamba, bandari za asili ni chache, na mito mikubwa haifiki baharini kwa upole. Mto Kongo ni mfano ulio wazi kuliko yote: kutoka Kisangani hadi Kinshasa chombo husafiri bila kizuizi kwa takriban kilomita 1,700, lakini chini ya Kinshasa maji huporomoka juu ya miamba kwa kilomita 350 hivi kabla ya kufika Matadi, na hakuna nahodha anayethubutu kupita. Zambezi nao una Maporomoko ya Victoria, yenye kimo cha mita 108, na huko mbele una miamba ya Cahora Bassa. Mfanyabiashara aliyetoka baharini hakuweza kuingia ndani ya bara kwa chombo kile kile alichojia, na mwenyeji wa bara hakuweza kutoka kwa mtumbwi wake hadi baharini.

Hata Nile, mto uliosaidia usafiri kuliko mwingine wowote barani, una vizuizi vyake. Kuanzia Aswan mto ni mwepesi kwa msafiri, kwa sababu maji hutiririka kuelekea kaskazini ilhali upepo huvuma kutoka kaskazini, hivyo mtu hupanda kwa tanga na kushuka kwa mkondo. Lakini kati ya Aswan na Khartoum yapo maporomoko sita, na katika kila moja mizigo ilipaswa kushushwa na kubebwa nchi kavu. Tazama sasa walipokaa Wakush: Kerma, karibu na poromoko la tatu, Napata, karibu na la nne, Meroe, kati ya la tano na la sita. Sidhani kwamba mtu anaweza kuita jambo hili bahati.

Sababu ya pili ni mikanda ya hali ya hewa. Ikweta hulikata bara karibu katikati, kwa hiyo ukitoka kwenye msitu wa mvua na kuelekea kaskazini au kusini unakutana na savana, kisha nyika kavu, kisha jangwa. Katika Afrika ya Magharibi mikanda hiyo imepangwa wazi, na kila mmoja ulikuwa na kitu ambacho mwingine haukuwa nacho. Jangwa lilikuwa na chumvi, savana ilikuwa na nafaka na dhahabu, msitu ulikuwa na kola, yaani kokwa za kutafuna. Kila mkanda pia ulikuwa na mchukuzi wake. Ngamia, ambaye alienea katika Sahara katika karne za mwanzo baada ya Kristo, alivuka mchanga, lakini hakuweza kuendelea kusini kwenye unyevu na mbung'o. Punda na farasi walifaa katika savana kavu. Katika nchi ya mbung'o, ambao huua farasi na ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana, mzigo ulibebwa kwa mtumbwi au kichwani mwa mpagazi. Wasomaji wetu wa Bonde la Lambwe wanamjua mdudu huyo vizuri.

Ufuate mzigo mmoja wa chumvi ili uone jinsi mambo yalivyokwenda. Chumvi ilichimbwa Taghaza, katikati ya Sahara, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Mali. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita hapo mwaka 1352 akaandika kwamba nyumba na msikiti wa kijiji hicho vilijengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia, kwamba hapakuwa na mti hata mmoja, na kwamba ngamia alibeba mabamba mawili, moja kila ubavu. Mzigo huo, anasema, uliuzwa Walata, ukingoni mwa jangwa, kwa mithqali 8 hadi 10 za dhahabu, yaani gramu zipatazo 34 hadi 43. Ulipofika katika mji mkuu wa Mali bei yake ilikuwa mithqali 20 hadi 30, na wakati mwingine 40. Chumvi haikubadilika njiani. Kilichoongezeka ni umbali, idadi ya mikono iliyoibeba, na ushuru uliolipwa.

Ushuru huo tunaujua kwa sababu al-Bakri, mwanajiografia wa Córdoba, aliuandika mwaka 1068. Mfalme wa Ghana hiyo ya kale, ambayo si nchi ya Ghana ya leo, alitoza dinari moja ya dhahabu kwa kila mzigo wa punda wa chumvi ulioingia nchini mwake, na dinari mbili kwa kila mzigo uliotoka. Mapande ya dhahabu yaliyopatikana machimboni yalikuwa mali ya mfalme, na wananchi waliachiwa dhahabu ya unga, kwa hoja kwamba dhahabu ikiachiliwa yote itakuwa nyingi mno na kupoteza thamani yake. Huo ni utawala unaoelewa soko. Magofu ambayo wataalamu wengi huyatambua kuwa ya mji mkuu huo yako Koumbi Saleh, kusini mwa Moritania ya leo, mpakani mwa nyika na jangwa. Dhahabu yenyewe ilitoka Bambuk, mbali kusini-magharibi, kati ya mito Senegal na Falémé. Mfalme hakuhitaji kukaa Bambuk. Alihitaji kukaa pale ambapo ngamia wa kaskazini walikuwa hawana budi kusimama.

Timbuktu ni hivyo hivyo. Mto Niger huanzia kwenye milima ya Guinea, kilomita 240 tu kutoka Bahari ya Atlantiki, lakini badala ya kuelekea huko hukimbilia kaskazini-mashariki hadi ukingo wa Sahara, hujipinda, kisha huteremka hadi Nigeria, na kumaliza safari ya kilomita zipatazo 4,180. Timbuktu iko karibu na pindo la kaskazini kabisa la mto huo. Ngamia waliishia hapo. Katika bandari yake ndogo ya Kabara mabamba ya chumvi yaliingizwa kwenye mitumbwi mirefu na kupandishwa hadi Djenné, na kutoka Djenné yakasafiri kusini kwa punda na kwa vichwa vya watu. Kwa njia hiyo hiyo, kwa upande wa pili, ilikuja dhahabu, na pia, lazima tuseme, walikuja watumwa, ambao walivushwa jangwani kwa miguu na wengi wao hawakufika.

Mbona hatukuwa na dola kama hizo kandokando ya ziwa letu?

“Nafanya biashara ya samaki Dunga. Mwanangu aliponisomea habari za Mali na Axum nilijiuliza: sisi tuna ziwa, tuna mvua, tuna udongo mzuri. Mbona hatukuwa na dola za biashara kama wao? Au wazee wetu hawakujua biashara?” Mama mfanyabiashara, Kisumu.

Mama, wazee wa nchi hii waliijua biashara, na ushahidi wake ni wa kale kuliko Ghana na Mali. Katika mlima wa volkeno wa Eburru, kati ya Naivasha na Nakuru, hupatikana jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, liitwalo obsidiani, ambalo likipasuliwa hutoa ukingo mkali wa kufaa kisu na mkuki. Kila mlima wa volkeno huacha alama yake ya kikemia katika jiwe hilo, kwa hiyo mtaalamu akilipima anaweza kusema limetoka wapi. Wafugaji walioishi katika eneo hili miaka kati ya 3,000 na 2,000 iliyopita walilitumia sana, na vipande vyake vimechimbuliwa Gogo Falls, kando ya Mto Kuja katika Kaunti ya Migori, karibu kilomita 200 kutoka Eburru. Mawe hayo hayakujipeleka. Yalipita mkono kwa mkono, juu ya Mau na kuteremka hadi kwenye joto la ziwani, miaka mingi kabla ya jina la Ghana kusikika kwa Waarabu.

Katika karne zilizo karibu nasi mambo yalizidi kuwa mengi. Watu wa Samia walichimba chuma katika vilima vyao na kufua majembe ambayo yalitafutwa pande zote za ziwa. Wagusii, ambao nyanda zao za juu hupata mvua nyingi, waliwapa Waluo nafaka wakati mvua ilipokosekana kwenye tambarare, na Waluo wakatoa mifugo na vyungu. Ng'ambo, upande wa Uganda, chumvi ilipikwa Kibiro kando ya Ziwa Albert na kuchotwa Katwe, na watawala wa Bunyoro walijua thamani ya kuishika.

Kwa nini basi biashara hiyo haikuzaa dola kama Mali? Kwa maoni yetu jibu kubwa liko katika ardhi. Ziwa Victoria ni pana sana, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake hakizidi mita 80 na kidogo, ilhali Tanganyika, lililo ndani ya Bonde la Ufa la Magharibi, lina kina cha mita 1,470. Tofauti hiyo inatokana na jinsi yalivyoumbika. Tanganyika ni ufa uliojaa maji. Victoria ni bakuli la kina kifupi lililotokea kati ya bonde la ufa la mashariki na la magharibi, pale ardhi ya magharibi ilipoinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikielekea huko. Kisumu yenyewe iko katika tawi la ufa lililochepuka kuelekea magharibi. Ukisimama mjini na kutazama genge la Nandi upande wa kaskazini-mashariki unaliona ukuta wake kwa macho. Sasa, kwa kuwa bakuli hilo ni moja, nchi inayolizunguka inafanana kwa kiasi kikubwa: samaki pande zote, mifugo pande zote, mtama au ndizi. Tofauti zilizokuwepo, kama ile ya Gusii na tambarare, zilikuwa karibu, mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu. Watu wanaoishi karibu hivyo wanatosheka na soko na makubaliano kati ya koo. Hawahitaji mfalme wa kulinda msafara wa miezi miwili katika nchi isiyo na maji.

Na kwenda pwani kulikuwa na mashaka. Kati ya Mombasa na nyanda za juu kuna nyika ya Taru, kavu na yenye miiba. Hakuna mto unaoweza kumfikisha msafiri kwa chombo kutoka baharini hadi nyanda za juu. Kisha kuna kuta mbili za Bonde la Ufa za kushuka na kupanda. Misafara ya Waswahili na Waarabu ya karne ya 19 ilipendelea kuanzia Bagamoyo, kupitia Tabora, na kuzunguka ziwa kwa magharibi hadi Buganda. Iliyokuja kwetu ilifika makao ya Nabongo, yaani mfalme, wa Wanga, mahali ambapo leo ni Mumias, na Joseph Thomson, msafiri wa Uskoti, alimkuta Mumia akitawala hapo alipofika Desemba 1883. Nguo, shanga na nyaya ziliingia. Pembe za ndovu zilitoka. Hapo ndipo mamlaka ya Wanga yalipopata nguvu mpya, na angalia, Mama, ni pale ambapo msafara uliotoka nyika na mabonde ulipumzika kabla ya kuingia nchi za Uganda.

Mji wako nao ulizaliwa kwa sababu iyo hiyo. Reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, na tangu siku hiyo mizigo ikaanza kuteremshwa kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye meli za Uganda. Kisumu ikawa mji.

Je, Mansa Musa alikuwa tajiri kuliko wote?

“Nimesoma kwamba Mansa Musa wa Mali alikuwa mtu tajiri kuliko wote waliowahi kuishi, na kwamba mali yake ilikuwa mabilioni ya dola. Ni kweli?” Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kakamega.

Kijana, hesabu hizo za dola usizitegemee, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuhesabu dhahabu yake. Kinachojulikana ni hiki. Mwaka 1324 alipita Cairo akienda Makka kuhiji, akagawa dhahabu nyingi kiasi kwamba bei yake ilishuka katika soko la Misri. Al-Umari, mwandishi wa Kiarabu aliyewauliza watu wa Cairo miaka kama 12 baadaye, anaandika kwamba kabla ya safari hiyo mithqali moja ya dhahabu haikushuka chini ya dirhamu 25 (sarafu za fedha), na baada yake haikuzidi 22. Anaongeza kwamba wakati wa kurudi Mansa Musa aliishiwa na akakopa kwa wafanyabiashara wa Cairo kwa faida kubwa. Habari hizo zilifika hadi Ulaya, na ramani ya Kikatalani ya mwaka 1375 inamchora ameketi katikati ya Sahara, ameshika dhahabu mkononi. Kwa mtihani wako andika mambo hayo, nayo yanatosha.

Thimlich Ohinga na Zimbabwe Kuu zilijengwa na watu wale wale?

“Mimi ni mstaafu, nakaa Migori. Kuta za Thimlich Ohinga zimejengwa kwa mawe yasiyoshikanishwa kwa udongo wala saruji. Nasikia Zimbabwe Kuu ni vivyo hivyo. Je, walikuwa mafundi wa kabila moja?” Mzee mstaafu, Migori.

Mzee, hakuna ushahidi wowote unaowaunganisha mafundi hao, na umbali kati ya sehemu hizo unazidi kilomita 2,000. Lakini kulinganisha kwako kunafaa, kwa sababu mawe yenyewe yanaeleza mengi.

Zimbabwe Kuu iko katika nchi ya matale ya granaiti. Jua la mchana hulipasha jiwe hilo, baridi ya usiku hulipoza, na kwa miaka mingi ganda la juu hubanduka katika mabamba ambayo unene wake ni karibu sawa. Fundi alipata jiwe lililokwisha kukatwa nusu na maumbile. Kazi yake ilikuwa kulivunja kwa kipimo na kulipanga tabaka kwa tabaka. Ndiyo maana ukuta wa duara kubwa, wenye mzingo wa mita 250 hivi na kimo kinachofika mita 11, una mistari iliyonyooka. Fundi wa Thimlich hakuwa na mabamba. Alikuwa na mawe ya kila umbo, makubwa kwa madogo, na akalazimika kutafuta, kwa kila pengo, jiwe litakalokaa bila kucheza. Alijenga uso wa nje na uso wa ndani, akajaza katikati kwa mawe madogo yaliyozishika nyuso zote mbili, na kwa ufundi huo kuta zenye unene wa mita moja hivi na kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5 zimesimama, kwa makisio ya wataalamu, tangu karne ya 16. Malango yake ni mafupi hata mtu huinama kuingia. Shirika la UNESCO liliitia Thimlich katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, na kwa maoni yetu ilikuwa haki iliyochelewa.

Madhumuni pia yalitofautiana. Thimlich ilikuwa boma la kulinda watu na mifugo na kuziweka koo pamoja. Zimbabwe Kuu, iliyositawi kati ya karne ya 11 na ya 15, ilikuwa makao ya watawala waliotajirika kwa ng'ombe na dhahabu, na kuta zake zilionyesha heshima yao. Hapa jibu tulilompa Mwalimu wa Nakuru linarudi: mji huo uko upande wa kusini wa uwanda wa juu, ambapo ng'ombe waliepukana na mbung'o wa mabondeni, na njia ya dhahabu kutoka bara kwenda bandari ya Sofala, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, ilikuwa katika uwezo wake.

Kutoka Sofala dhahabu ilipanda majahazi hadi Kilwa, na nafasi ya Kilwa iliamuliwa na pepo. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuvileta vyombo kutoka Arabuni na India. Kusi, kuanzia Aprili, huvirudisha. Chombo kilichokuja na kaskazi kingeweza kufika Kilwa, kufanya biashara na kurejea na kusi katika mwaka huo huo, lakini anayetaka kuendelea hadi Sofala alijihatarisha kupitwa na msimu. Kwa hiyo mgeni alisimama Kilwa, na Wakilwa wakaileta dhahabu mpaka hapo kwa vyombo vyao. Ibn Battuta aliutembelea mji huo mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, na sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imepatikana Zimbabwe Kuu, pamoja na vigae vya vyombo vya Uchina na Uajemi.

Tunaongeza jambo moja, Mzee, kwa sababu bado lina uchungu. Kwa miaka mingi walowezi walidai kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na Wafoinike, wafanyabiashara wa kale wa pwani ya Lebanoni, au na mtu yeyote asiyekuwa Mwafrika. Wanaakiolojia David Randall-MacIver, aliyechimba mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson, aliyechimba mwaka 1929, walichunguza magofu hayo, na wote wawili wakahitimisha kwamba ni kazi ya Waafrika. Serikali ya Rhodesia, kama ilivyoitwa Zimbabwe kabla ya uhuru, iliendelea kusita kuwaambia watu ukweli huo hata miaka ya 1970.

Ardhi haikuhama. Mbona falme zilianguka?

“Kama milima, mito na jangwa ndivyo vilivyozikuza falme hizi, vitu hivyo vipo hadi leo. Basi kwa nini zilianguka?” Mwanachuo, Njoro.

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na kila ufalme una habari yake. Lakini katika mingi ya falme hizo tunaona kwamba ardhi ilibaki, njia ikahama.

Axum ilikaa kwenye uwanda wa kaskazini mwa Ethiopia, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza unasema kwamba kutoka bandari ya Adulis, kwenye Bahari ya Shamu, hadi mji wa Waaxum ulikuwa mwendo wa siku nane, na kwamba pembe zote za ndovu kutoka ng'ambo ya Nile zililetwa hapo. Kuanzia karne ya tatu wafalme wake walitoa sarafu za dhahabu, fedha na shaba. Katika karne ya saba biashara ya Bahari ya Shamu ilipita mikononi mwa wengine, Adulis ikafifia, na sarafu zikakoma. Uwanda ulikuwa pale pale, watu wakaendelea kuulima na kuijenga dola nyingine kusini zaidi, lakini kilele cha mlima bila bandari hakikuwa tena kituo cha biashara ya dunia.

Kwa Afrika ya Magharibi mwaka wa kukumbuka ni 1482, Wareno walipojenga ngome ya Elmina kwenye pwani ya Ghana ya leo. Hadi wakati huo pwani hiyo ilikuwa mwisho wa nchi, upande usio na mlango. Meli zilipoanza kutia nanga hapo, sehemu ya dhahabu ya msituni ikageuka na kwenda kusini, na ukingo wa jangwa haukuwa tena njia ya pekee. Pwani ya mashariki iliona jambo hilo hilo kwa ukali zaidi: mwaka 1505 Wareno waliishambulia na kuipora Kilwa, kisha wakajenga ngome Sofala, kwa nia ya kuikamata dhahabu kabla haijafika kaskazini.

Songhai ilikuwa imeishika Timbuktu tangu mwaka 1468, chini ya Sunni Ali, na chini ya Askia Muhammad ilifuata mto Niger kwa mamia ya kilomita. Mwaka 1591 Sultani wa Moroko alituma jeshi lenye bunduki kuvuka Sahara, nalo likalishinda jeshi la Songhai pale Tondibi, karibu na Gao. Sultani alitazamia kuipata dhahabu yenyewe. Askari wake waliiteka Gao, Timbuktu na Djenné, yaani vituo, lakini machimbo yalikuwa mbali kusini, mengine katika nchi ya mbung'o, na hawakuweza kuyafikia. Wenye dhahabu walikuwa na njia nyingine ya kuiuza.